Mashine ya Barafu Iliyotoka na Gesi Yake

Randu, muuza chuma chakavu, alikuwa amelala kifudifudi mlangoni mwa kibanda chake cha mabati, msumeno wa chuma bado mkononi, na kuku wake wote wamekufa kumzunguka. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Kisauni, mwaka wa sitini na mbili, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Watu walikuwa wamejaa barabarani, huyu leso puani, yule kanzu puani, na hakuna aliyethubutu kuvuka uzio.

"Jini," mzee mmoja akamwambia Inspekta Jamaludin Salem. "Limo ndani ya chuma kile. Wallahi limetoka likamkaba."

"Jini linanuka mkojo, mzee?"

"Majini yako ya kila namna, mwanangu."

Inspekta akangoja upepo upite, akafunga kitambaa usoni, akaingia. Macho yakamchuruzika machozi hapo hapo. Katikati ya kibanda palikuwa na mashine kubwa ya chuma, ya rangi ya kijani, aina ya zile za viwanda vya barafu. Bomba lake moja lilikuwa limekatwa nusu. Akazunguka upande wa pili, akapiga magoti, akaitazama vali ya kutolea gesi. Rangi kuukuu ilikuwa imeigandia pande zote, haina hata ufa.

"Ngala," akamwita sajini wake. "Piga picha vali hii. Toka ipakwe rangi haijafunguliwa."

"Maana yake nini, afande?"

"Maana yake mashine ilikuja hapa imejaa."

Daktari wa polisi hakuchukua muda. "Mapafu yameungua," akasema akivua glavu. "Macho pia. Ni amonia, gesi ya mashine za barafu. Imempiga usoni alipolikata bomba. Maskini hakupata hata nafasi ya kupiga kelele."

Basi Inspekta Jamaludin alikuwa na ugonjwa mmoja uliowachosha wakubwa wake: jambo likiisha kwa wenziwe, kwake ndipo linapoanza. Na jambo hili lilikaribia kwisha kabla ya adhuhuri, kwani alipofika kituoni alimkuta Bwana Aidarus ameketi mbele ya Sprintendenti, bakora magotini, kanzu nyeupe pe, anajipepea.

Aidarus huyu ndiye mwenye kiwanda cha barafu cha Changamwe. Mtu wa ukoo mkubwa, mwenye maneno laini, na barafu yake ilifika kila nyumba yenye uwezo.

"Mwanangu, nimeibiwa," akamwambia Jamaludin. "Mashine yangu kuukuu. Niliiweka uani namngoja fundi aje aitoe gesi, kama sheria itakavyo. Jana wakati wa swala ya Ijumaa watu wakaja wakaibeba."

Sprintendenti, mzungu mfupi aliyekuwa na haraka ya kustaafu, akafunga faili. "Mwizi ameuawa na alichokiiba. Yule mpwa wake mnamshika, Jumatatu anakwenda mahakamani. Kwisha."

"Bwana Mkubwa, naomba—"

"Kwisha, Inspekta."

Ehe! Kwa wengine ilikwisha. Lakini tazama mambo yalivyokaa. Sheria ilikuwa wazi kwa kila mwenye kiwanda: mashine ya barafu ikizeeka haitoki, iwe kwa kuuzwa, kwa kupewa au kwa kutupwa, mpaka fundi mwenye leseni aitoe gesi yake kwa mpira ndani ya maji. Ikiwa mashine iliibwa, Aidarus hana kosa, na Randu ni mwizi aliyekufa kifo cha mwizi. Ikiwa ilitolewa kwa hiari, basi Aidarus ameua mtu. Katikati hapana kitu.

Thoya, mpwa wa marehemu, alikuwa ameketi sakafuni ndani ya seli, macho mekundu.

"Mliiba?"

"Hatukuiba! Mjomba alipewa. Alhamisi alikwenda Changamwe, akarudi anacheka peke yake njia nzima. Akasema, Bwana Aidarus amenipa mashine, bure, nikaondoe tu."

"Kwa nini bure?"

"Mjomba hakuuliza. Mtu akikupa chuma kizima kama kile utamuuliza kwa nini?"

"Gesi je?"

"Alimwambia tupu. Mjomba alinambia hivyo kwa kinywa chake: Bwana Aidarus amesema haina kitu, tukate tu."

"Nani aliileta Kisauni?"

"Mahamali, na lori. Sikuwaona. Ijumaa nilikuwa Timbwani kwa dada. Leo asubuhi nilikwenda kununua mahamri, niliporudi..." Thoya akaziba uso. "Inspekta, mimi mnifunge mkitaka. Lakini mjomba hakuwa mwizi. Alikuwa akiokota msumari njiani anauliza ni wa nani."

Jamaludin akatoka, maneno hayo yakimuuma.

Siku ile ile alasiri akarudi Kisauni. Nyamvula, mjane wa Randu, alikuwa ametandika mikeka ya hanga uani, ya kukalia waombolezaji, mikeka mingi, ya kwake na ya kuazima. Alikuwa ameikalia peke yake. Hakuna jirani aliyekuja, hakuna ngoma, hakuna hata kikombe cha maji kilicholetwa na mtu. Habari ya wizi ilikuwa imeshawafikia.

"Pole, mama."

"Nishapoa," Nyamvula akasema. "Wamekuja mpaka pale kwenye uzio, wakageuka. Mume wangu amewazikia watu wao wote hapa. Makaburi ya mtaa huu nusu yake ameyachimba yeye. Leo wanasema hanga la mwizi hawalikalii."

"Nitaleta ukweli."

"Ukweli ninao. Waletee wao."

Inspekta akaaga. Akasimama kwenye uzio wa makuti akivuta pumzi, na hapo ndipo aliposikia upande wa pili mwanamke akikuna nazi na kuimba, polepole, mbuzi ya kukunia ikifuata wimbo:

*Tajiri katoa chuma — halua katunyima!*
*Kasema hamna kitu — halua katunyima!*
*Fundi hatumngoji — halua katunyima!*
*Aidarusi wa barafu — halua katunyima!*

Jamaludin akageuka. Akazunguka uzio karibu mbio.

"Hodi, mama! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Mwanamke huyo, Mwanarehema, akaiweka nazi chini kwa hofu. Polisi nyumbani si heri.

"Wimbo huo umeutoa wapi?"

"Wimbo gani? Ala! Kumbe naimba?"

"Unaimba Aidarusi wa barafu."

Mwanarehema akacheka, kisha akakumbuka yuko jirani na msiba, akaziba mdomo. "Ni mahamali walioshusha lile dude kwa Randu. Waliimba hata watoto wakatoka kucheza. Umeninasa kichwani, siwezi kuutoa."

"Walishusha lini?"

"Ijumaa."

"Baada ya swala?"

"Baada wapi! Mume wangu alikuwa bado anatafuta kofia yake aende msikitini. Adhana ilikuwa haijalia. Nilimwambia, toka basi, wakupishe na lori lao."

"Hilo ungeapa?"

"Mbele ya msahafu."

"Na kwa nini hukwenda hangani?"

Mwanarehema akainama. "Wamesema ni mwizi, mwanangu."

"Na wimbo ulisemaje?"

Ukweli ulikuwa ukimtoka mdomoni toka jana, naye hakuusikia.

Kwa mgeni nitaeleza, mpwani na asinicheke. Mahamali hawanyanyui kitu kizito bila wimbo. Wakinyamaza, huyu atavuta, yule atasukuma, na mzigo utawaponda miguu. Na wimbo wenyewe hutungwa papo hapo, juu ya mtu aliyewaita kazini siku hiyo. Akiwa mkarimu, husifiwa yeye na babu zake. Desturi ni kahawa na halua kazi ikisha kuanza kutoa jasho. Aliye mkono wa birika, akaleta kahawa kavu, ole wake! Atachambuliwa mpaka mtaa wa pili ujue. Na yote aliyoyasema akiwa amesimama pale huingia wimboni. Sasa niambie wewe: mwizi gani huiba kwa wimbo, mchana, na kumtaja mwenye mali kuwa ndiye bahili aliyewanyima halua?

Sprintendenti akamsikiliza hadi mwisho, akawasha sigara. "Wimbo si ushahidi, Inspekta. Hakimu atatucheka sote wawili. Niletee mtu aliyekuwepo."

Alikuwa na haki, na Jamaludin alilijua hilo.

Akamwendea Ishaka, mkuu wa mahamali wa Changamwe, mtu wa mabega mapana kama mlango wa ghala. Alimkuta akila samaki na muhogo.

"Ijumaa mlibeba mashine kutoka kwa Aidarus."

"La, bwana."

"Wimbo wenu umesikika Kisauni."

"Nyimbo ni za watu wote, bwana." Lakini muhogo aliuweka chini. Akamtazama Inspekta kwa macho ya kuomba. "Mimi na vijana wangu twala kwa Bwana Aidarus. Na leo ametwambia, atakayefungua mdomo atafungwa pamoja na wezi kwa kuwabebea. Twende wapi?"

"Kwa hiyo mlikuwepo."

"Sijasema kitu mimi."

Jamaludin akamwacha amalize chakula chake. Kisha akaenda kwa Aidarus mwenyewe, ofisini, ambako karatasi za rangi zilikuwa zikitundikwa. Mashine mpya ya barafu ilikuwa izinduliwe kesho yake, Jumapili, na mkaguzi wa viwanda mwenyewe amealikwa.

"Maswali mawili matatu tu, mzee wangu. Mashine uliiona lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa, nikitoka kwenda msikitini. Niliipita hapo uani."

"Adhana imeshalia?"

"Imeshalia, nami nishatawadha."

"Una hakika?"

"Yakhe, mimi ni mtu mzima. Naijua adhana."

"Uliporudi?"

"Haipo."

"Mbona hukupiga ripoti jana?"

"Nilidhani bawabu ameisogeza."

"Mzigo wa kundi zima la mahamali, bawabu aisogeze?"

Aidarus akatabasamu, lakini vidole vilianza kuichezea bakora. "Mwanangu, hili ni jambo la mwizi aliyekufa. Mbona wajisumbua?"

"Ni ada tu. Mwenye mali lazima aitambue mali yake. Kesho nitakuletea mashine hapa uani uitazame, utie sahihi, nikuache na wageni wako."

Mzee hakuwa na njia ya kukataa. Amekwisha kusema ameibiwa, atakataaje kurudishiwa?

Jumapili asubuhi fundi mwenye leseni akaja Kisauni kwa amri ya polisi. Akafunga mpira kwenye vali, akautumbukiza ndani ya pipa la maji, na mabaki ya gesi yakatoka yakitoa mapovu mpaka yakaisha. Nyamvula alisimama akitazama. "Ni hivyo tu?" akauliza. "Kazi yenyewe ni hiyo?" Fundi akaitikia kwa kichwa. Nyamvula akageuka akaingia ndani.

Lori la polisi likafika Changamwe wakati wageni wameshaketi. Sprintendenti alikuwepo, mkaguzi wa viwanda alikuwepo, na jamaa wa Aidarus kwa makoti na majoho. Jamaludin alikuwa amewaita mahamali wa kushusha. Aliwaita kundi la Ishaka, hakuna mwengine.

Wakaizunguka mashine, wakaitia mikono, na wakanyamaza. Kila mtu kinywa kimefungwa kama mfungo umeshaanza. Wakavuta. Mashine haikutikisika. Wakavuta tena, mmoja akateleza, nusura chuma kimwangukie mguuni.

"Imbeni, bwana," mkaguzi akasema. "Mtaumia."

Ishaka akamtazama Aidarus. Aidarus akatazama pembeni.

Hapo ndipo Inspekta Jamaludin Salem, ambaye hata maulidini huambiwa aitikie kwa sauti ndogo, akapanda juu ya lori, akakohoa, akaanza kwa sauti mbovu kupita kiasi:

"Tajiri katoa chuma!"

Na watu wale, mikono imeshika, pumzi imeshavutwa, migongo imeshainama, hawakuwa na nafasi ya kufikiri. Itikio likawatoka vifuani kama lilivyowatoka Ijumaa:

"HALUA KATUNYIMA!"

Mashine ikanyanyuka.

"Kasema hamna kitu!"

"HALUA KATUNYIMA!"

"Fundi hatumngoji!"

"HALUA KATUNYIMA!"

Ikashuka, ikatua uani palepale ilipotolewa. Sajini Ngala alikuwa amesimama kinywa wazi. Miaka yote ya kazi hakupata kumsikia mkubwa wake akiimba, na kwa kweli hakutamani kumsikia tena.

"Wimbo huu mliujuaje, Ishaka?" Jamaludin akauliza. "Nilianza mstari wa kwanza tu. Mmenijibu wote, kwa mpigo mmoja."

Ishaka akajifuta uso. Kisha akakaa chini, mtu mkubwa yule, akalia mbele za watu. "Tuliutunga hapa hapa," akasema. "Ijumaa asubuhi. Randu alikuwepo, na Bwana Aidarus alisimama pale mlangoni akitwambia haraka, haraka. Randu hakuiba kitu. Mungu anisamehe, nimemwacha aitwe mwizi."

"Mwongo!" Aidarus akapiga bakora chini. "Hamali wa kununuliwa!"

"Mzee wangu," Jamaludin akasema kwa upole, "uliiona mashine hapa adhana imeshalia. Nina shahidi wa Kisauni aliyeiona ikishushwa kule kabla adhana haijalia. Mashine moja iko Changamwe na Kisauni kwa wakati mmoja?"

Aidarus akaishika bakora kwa mikono miwili.

"Randu alikuuliza kama ina gesi?"

Aidarus akaitazama mashine.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza." Sauti ilikuwa ya mtu mwengine. Ile laini ilikuwa imekwisha. "Aliigonga kwa kidole, akasema, bwana, mbona yalia kama imejaa? Nikamwambia, nimeshaimwaga, wewe kata tu."

Mkaguzi wa viwanda akainuka kitini.

"Kwa nini?" Jamaludin akauliza. "Fundi alikuwa aje. Ungengoja tu."

"Kungoja!" Aidarus akageukia jamaa zake kama anayewaomba wamtetee. "Fundi ni mmoja mji mzima, na zamu yangu ilikuwa katikati ya Ramadhani. Mwaka jana mashine hiyo ilinifia mfungo umeanza. Watu wakafuturu kwa maji ya moto. Barazani wakinipigia vijembe, Aidarus wa barafu ameyeyuka! Mimi, mjukuu wa nani na nani! Niliapa mwaka huu barafu yangu itakuwa kila sinia, tangu futari ya kwanza. Mashine mpya haikuwa na pa kukaa hata hiyo kuukuu itoke. Na ikibaki uani na gesi yake, mkaguzi angeiona leo, angenifungia. Nikampa yule maskini, ili iende mbali nami. Sikutaka afe. Nilisema labda imevuja zamani, labda haina nguvu tena..."

"Na alipokufa?"

"Nilipopata habari nikasema, maiti hasemi. Na mwizi hahurumiwi."

Hakuna aliyemwangalia tena. Jamaa zake walikuwa wakitazama viatu vyao. Alijitakia jina mtaani, na sasa amelipata.

"Bwana Aidarus," Jamaludin akasema, na safari hii hakumwita mzee wangu, "nakukamata kwa kuua bila kukusudia, kwa kutoa mashine yenye gesi ya hatari kinyume cha sheria, na kwa kuwapa polisi taarifa ya uongo." Kisha akamgeukia Sprintendenti. "Ushahidi, Bwana Mkubwa."

Sprintendenti akaitoa sigara mdomoni. "Mwachilieni yule kijana," akasema. Akafikiri kidogo. "Na umeimba vibaya sana, Inspekta."

"Ndiyo, Bwana Mkubwa."

"Sasa mpelekeni rumande."

"Kwanza atatuonyesha pale mashine iliposhushwa. Ni lazima kwa ajili ya jalada."

Haikuwa lazima hata kidogo. Sprintendenti alilijua hilo, akatazama pembeni akaruhusu.

Basi gari ya polisi ikaingia Kisauni jua likiwa bado kali, Thoya amekaa mbele, Aidarus nyuma kati ya askari wawili, na nyuma yao, kwa miguu na kwa lori, Ishaka na mahamali wake wote. Watu wakamiminika. Nyamvula alikuwa pale pale juu ya mkeka, peke yake. Alipomwona Thoya akashuka mzima, bila pingu, alijishika kifua, lakini hakuinuka.

Jamaludin akamsimamisha Aidarus mbele ya uzio. "Waambie."

"Ushaniaibisha vya kutosha, mwanangu."

"Aibu yako si shughuli yangu. Waambie."

Mzee akatazama umati. "Randu hakuiba," akasema, kwa sauti ya chini. "Nilimpa mimi. Nilimwambia ni tupu, na haikuwa tupu."

Mwanarehema akaanza kulia kwa sauti. Ndipo Nyamvula alipoinuka, akaja mpaka kwenye uzio, akasimama uso kwa uso na mtu aliyemfanya mjane. Hakumtukana. Hakumtemea mate.

"Sema tena," akamwambia. "Sema kwa nguvu, wa nyuma nao wasikie."

Aidarus akasema tena, kwa nguvu. Na watu wakavua viatu, wakaanza kuingia mmoja mmoja, hata mikeka ikajaa na wengine wakakaa mchangani, na mtu akaenda mbio kuleta ngoma.